Kiti cha Kadhi ni cha Nani?

Katika darsa yetu ndugu mmoja aliuliza suali, na wengi wakacheka: Je, Mbukusu wa Kamukuywa aweza kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya? Sisi hatukuona la kuchekwa. Kamukuywa ni mji mdogo wa soko, kwenye barabara itokayo Webuye kwenda Kitale, katika kaunti ya Bungoma. Waislamu wako pande hizo, kama walivyoko Mumias tangu zama za Nabongo Mumia. Huoa, huachana, hufa na kurithiwa kama sisi. Basi cheko lile lilikuwa la nini?

Tuseme kweli: sisi watu wa pwani tumezoea kukihesabu kiti hiki kuwa ni mali yetu. Na mazoea hayo yana asili. Uhuru ulipokaribia, tarehe 5 Oktoba 1963, Bwana Jomo Kenyatta na Bwana Muhammad Shamte wa Unguja waliandikiana barua, na katika ahadi zilizotolewa ilikuwamo ya kuhifadhi mahakama za makadhi katika ule ukanda wa maili 10. Ahadi ile ilikuwa yetu. Lakini sheria ya mwaka 1967 iliwafikisha makadhi hata bara, na Katiba ya 2010 haikumfunga kadhi na pwani. Imetaka awe Mwislamu, mwenye ilimu ya sharia itakayoiridhisha Tume ya Utumishi wa Mahakama. Haikutaja kabila wala ukoo. Wala haikusema lazima awe mwanamume.

Katika Sura ya Nisaa, aya ya 58, tumeamrishwa kuzirudisha amana kwa wenyewe, kisha papo hapo tukaamrishwa kuhukumu kwa uadilifu. Wanavyuoni, na Ibn Taymiyya ni mmoja wao, wamefahamu kwamba cheo nacho ni amana, na mwenye kustahiki ndiye mwenyewe. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar aligombana na mtu juu ya farasi, wakahukumiwa na Shurayh, mtu wa Yaman, wala si Mkureshi. Shurayh akamhukumu Khalifa kuwa ndiye mwenye makosa. Umar akamfanya kadhi wa Kufa.

Na kwa nini twende mbali? Mwaka 1968 Sheikh Abdalla Saleh Farsy alitoka Unguja akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Wako walioteta naye juu ya mas'ala ya dini, lakini ilimu yake hakuna aliyeikana. Ikiwa bahari haikumzuia Farsy, reli ya Magharibi itamzuiaje mwingine?

Wengine watasema: ilimu ndiyo kipimo, na huku kuhesabu makabila ni siasa. Twakubali kwamba ilimu ni sharti la kwanza, na asiyekuwa nayo asikae hapo hata akitoka Kibokoni. Lakini mafakihi hao hao wamesema kadhi na ajue mazoea ya watu anaowahukumu. Mchukue mjane wa Kamukuywa, ambaye mumewe ameacha shamba la mahindi na watoto wa kiume na wa kike. Haki yake ni thumni, yaani sehemu moja katika nane, na ndugu za marehemu hawana fungu maadamu watoto wa kiume wako. Ndugu hao wakija na kusema kwamba mirathi yamekwisha kwa baraza la ukoo, kadhi mgeni anayesikia kwa mkalimani aweza kudhani ni sulhu ya hiari, na mjane mwenyewe akanyamaza kwa haya. Ajuaye desturi za huko atauliza la pili na la tatu.

Wala hatusemi kila kabila lipewe kadhi wake. Kadhi wa huko huko naye aweza kuwa shemeji wa wale ndugu! Tunachotaka ni kwamba makadhi wote kwa jumla watoke katika Waislamu wote, ili mmoja akikosea kwa ugeni au kwa ujamaa, wako wenzake wa kumwonyesha.

Tena liko jambo ambalo wengi hulisahau. Kadhi wa Kenya hana nguvu ya kumburura mtu. Katiba yasema atahukumu pale tu ambapo wote wanaoteta ni Waislamu na wameridhia mahakama yake. Asiyeridhia huenda zake Mahakama Kuu. Basi mahakama yetu yasimama juu ya imani ya watu, na mwenye kuona kwamba kiti kile ni cha nyumba fulani ataridhia kwa lipi?

Na wanaokuja zaidi ni nani? Susan Hirsch, mwanachuoni wa Marekani aliyekaa katika mahakama za kadhi za Malindi na Mombasa, aliandika mwaka 1998 kwamba wengi wa wanaoshtaki ni wanawake, na aghalabu hupata haki. Hiyo ni sifa njema kwa makadhi wetu. Juu ya mwanamke kuwa kadhi, wengi wa wanavyuoni, na Mashafi miongoni mwao, wamekataa. Abu Hanifa alijuzisha katika mambo ya mali. Malaysia, ambako watu ni Mashafi kama sisi, wamewaweka wanawake kuwa mahakimu wa sharia tangu 2010. Sisi si wenye kutoa fatwa, lakini twaona si haki mas'ala yenye khitilafu kama hii kufungwa kwa kicheko.

La mwisho ni juu ya Tume yenyewe. Katiba imeitaka ichague kwa ushindani na kwa uwazi, lakini haikuiwekea kiti cha mwanachuoni wa Kiislamu. Pengo hilo ni rahisi kuzibwa na minong'ono na barua za kumsifu mtoto wa fulani. Sisi twapendekeza watakao ukadhi wafanyiwe mtihani wa kuandika, karatasi zisiwe na majina, na wasahihishaji wawe wanavyuoni kutoka Mombasa, Lamu, Garissa na Mumias.