Baridi Hii Ni Mtambo Wako

Toa hiyo chupa kwenye sufuria inayochemka. Zima na jiko. Wewe mwenye mizinga minne au sita nyuma ya nyumba, pale Njombe, Makete au Mafinga, unayefuga nyuki kwa kuwapenda tu na kuwauzia majirani kinachobaki, najua kilichokupeleka jikoni. Juni imeingia. Asali uliyoirina ikimeremeta imepauka, imekuwa nzito, kijiko kinasimama wima ndani yake. Kisha mteja kapiga simu: "Mwalimu, ile asali yako mbona imekuwa sukari?" Neno hilo limekuchoma, ukawasha moto.

Tulia. Mteja hajakosea sana, maana asali ni sukari tangu ilipokuwa kwenye sega: fruktozi na glukozi, pamoja na maji ambayo kwa asali iliyoiva hayafiki hata humusi. Glukozi ni nyingi kuliko maji hayo yanavyoweza kuibeba. Ikipata baridi hujitenga na kujipanga chembe kwa chembe, mara nyingi ikianzia kwenye punje ya chavua au kipande cha nta. Asali ya alizeti, yenye glukozi nyingi, huganda upesi. Yenye fruktozi nyingi hukawia. Na yule mwenzako wa Dar es Salaam anayejigamba kwamba yake haigandi, mpe pongezi zake, lakini ujue sehemu kubwa ya ufundi huo ni joto la pwani. Asali hupenda kuganda kwenye nyuzijoto zinazokaribia 14 za Selsiasi. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ulitegemea nini?

Basi acha kuomba radhi. Kila unapoichemsha ili ipendeze machoni, unafukuza harufu ya maua na kuua vimeng'enya ambavyo nyuki wameviweka humo. Ila usikimbilie uongo wa pili, ule wa kusema "asali iliyoganda ndiyo halisi, isiyoganda imechakachuliwa." Kuganda si cheti cha usafi, na kutoganda si ushahidi wa wizi. Majaribio ya kiberiti na sisimizi nayo waachie wapiga soga. Mwambie mteja wako mambo yalivyo, kwa sauti isiyotetemeka.

Kisha uende mbele zaidi, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunapoishia. Mwaka 1935 mtafiti wa nyuki Elton Dyce alipata hataza ya njia ya kuigandisha asali kwa makusudi, iwe laini kama siagi badala ya kuwa na chenga zinazokwaruza ulimi. Maabara ya utafiti wa nyuki ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ina jina lake hadi leo. Kiini cha njia yake ni mbegu ya chembe ndogo na ubaridi wa nyuzi 14 hivi. Wenzetu wa nchi nyingine hujenga vyumba vya baridi na kulipia umeme ili waupate ubaridi huo. Wewe unao kwenye stoo yako, bure, na kila mwaka unaulalamikia!

Fanya hivi. Chukua asali yako iliyoganda kwa chembe ndogo kuliko zote, uisage kwenye kinu kidogo kilicho kikavu mpaka ulimi usisikie chenga yoyote. Hiyo ndiyo mbegu. Iliyobaki iyeyushe kabisa kwa maji ya moto wa wastani, yasiyozidi nyuzi 45, na uwe na subira. Hapa tu ndipo jiko lina kazi. Iache ipoe, la sivyo itaiyeyusha mbegu. Tia sehemu moja ya mbegu kwa sehemu tisa za asali, koroga polepole bila kuingiza hewa, acha mapovu yapande usiku kucha, kisha jaza chupa na uziweke stoo, upande usiopigwa na jua. Kipimajoto cha bei nafuu kitakuonyesha kona inayofaa. Baada ya wiki moja au mbili utakuwa na asali ya kupaka, isiyochuruzika kwenye mkate wala kwenye shati la mtoto wa shule.

Sharti moja halina mjadala: iwe asali iliyoiva. Glukozi ikijitenga huacha maji nyuma, na asali ya juu inayobaki nyepesi huwa karamu ya hamira. Ukiona chupa imegawanyika, chini imeganda, juu maji maji yenye povu na harufu ya pombe, basi umeanza kutengeneza wanzuki bila kukusudia. Viwango vya kimataifa vinaruhusu maji mpaka asilimia 20, lakini kwa kazi hii lenga 18 au chini yake. Kama huna rifraktomita ya kupimia maji hayo, azima kwa wenye kikundi cha wafugaji. Ukikosa kabisa, rina masega ambayo nyuki wameshayafunika kwa nta na uyaache yale ambayo hayajaiva. Fremu ambazo asali imegandia humo humo mzingani usizipiganie, mashine haitazikamua. Warudishie nyuki wenyewe.

Halafu iuze kwa kichwa kilichoinuka. Andika kwenye lebo "Asali laini ya kupaka", na chini yake "Imegandishwa kwa baridi ya Njombe, haikuongezwa kitu." Ipandishe bei kidogo kuliko ile ya maji, kwa kuwa umeitolea jasho la ziada. Atakayetaka ya maji umwelekeze kuiweka chupa kwenye maji ya vuguvugu, taratibu.

Agosti ikiisha ubaridi huu unaanza kutuaga. Osha kinu leo, kikauke juani, kesho usage.