Tunapohojiana na Waislamu juu ya Unabii

Masomo: 1 Petro 3:15-16, Matendo 8:26-40



Vijana wetu wa Nduruma huenda mjini Arusha kwa masomo na biashara, na huko husikia mihadhara ya dini. Wakirudi huuliza: "Mwalimu, ni kweli Musa alimtabiri Muhammad? Ni kweli Msaidizi aliyeahidiwa na Yesu ndiye Muhammad?" Maswali haya tusiyafukuze. Mtume Petro anatutaka tuwe na jibu wakati wote kwa anayeuliza sababu ya tumaini letu, na tulitoe kwa unyenyekevu na heshima.

Mabishano haya si mageni. Katika miaka ya 1980 mihadhara ilienea nchini. Vitabu vya Ahmed Deedat wa Durban vilisomwa sana, na mwaka 1987 Ngariba na Kawemba walitoa kitabu chao, Uislamu katika Biblia. Wahubiri wa Kikristo nao wakajibu, Kurani mkononi. Mara nyingi hoja ziligeuka matusi. Mwezi Februari 1998, huko Mwembechai, Dar es Salaam, watu walipoteza maisha baada ya polisi kuingilia ugomvi uliotokana na malalamiko juu ya mahubiri. Basi jambo hili si mchezo wa maneno. Nataka tujifunze mambo matatu.

Kwanza, tusome fungu zima. Mstari mmoja ni kama ndoo ya maji: hauonyeshi mto umetoka wapi. Anayetaka kuujua mto Nduruma hana budi kupanda hadi mlima Meru. Chukueni Kumbukumbu la Torati 18:18, ambapo Mungu aahidi kuinua nabii kama Musa miongoni mwa ndugu zao. Mwislamu husema ndugu wa Israeli ni wana wa Ishmaeli. Hoja yake ina msingi, maana Mwanzo 25:18 huwataja wana wa Ishmaeli pamoja na ndugu zao. Lakini someni sura hiyo ya 18 tangu mwanzo. Yaanza na Walawi wasiopata urithi kati ya ndugu zao, yaani makabila mengine ya Israeli. Sura ya 17:15 yaagiza mfalme atoke miongoni mwa ndugu, wala asiwe mgeni. Ndiyo sababu Petro (Matendo 3:22) na Stefano (Matendo 7:37) waliutumia unabii huo walipomhubiri Kristo.

Vivyo hivyo Yohana 14:16. Wengine huunganisha Msaidizi na Sura ya 61, aya ya 6, ambapo Isa anatabiri mtume aitwaye Ahmad. Lakini mstari wa 17 wasema Msaidizi atakaa ndani ya wanafunzi, na wa 26 wamtaja waziwazi kuwa Roho Mtakatifu. Asiyejua mistari hiyo hutikiswa, wala si kosa la aliyemwuliza. Ni uvivu wa kusoma.

Pili, tutumie kipimo kile kile kwa wote. Wako Wakristo wapendao kunukuu Sura ya 4, aya ya 171, ambapo Isa aitwa neno la Mungu na roho itokayo kwake, wakasema, "Kurani yenyewe yakiri Utatu." Lakini aya hiyo hiyo inamwita mtume, na kuwakataza watu kusema "watatu". Kukata nusu ya aya na kuificha nusu ya pili ni kile kile tunachokilalamikia. Mizani ya udanganyifu ni chukizo hata ikiwa mikononi mwa mhubiri.

Tatu, tumsikilize mwenye kitabu. Kanoni Godfrey Dale, mmisionari wa Kianglikana huko Unguja, aliifasiri Kurani yote kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1923. Aliona kwamba haifai kuwahubiria watu ambao kitabu chao hukijui. Lakini Waislamu hawakuridhika na tafsiri hiyo pamoja na maelezo yake. Sheikh Abdulla Saleh Farsy akatoa tafsiri yake kamili mwaka 1969, ili Waislamu wakielewe kitabu chao kutoka kwa mtu wa imani yao. Je, twaweza kumlaumu? Hata sisi huumia asiye Mkristo akitueleza Yohana alikuwa na maana gani.

Mtazameni Filipo. Alipomkuta yule Mkushi garini akisoma unabii wa Isaya, hakuanza kwa kumshinda. Alimwuliza kama anaelewa, akaalikwa kupanda, akaketi karibu naye. Ndipo, akianzia katika andiko lile lile, akamhubiri Yesu. Hapakuwa na watu wa kupiga makofi.

Ndugu zangu, ziko koo zenye Wakristo na Waislamu ndani yake. Twazikana, twaoana, twagawana maji ya mfereji mmoja. Mtu akimshinda shemeji yake kwa mistari kumi, kisha wasisalimiane msibani, amepata nini? Hatufichi imani yetu: twaamini kwamba Kristo ndiye aliyetabiriwa na Musa na manabii. Lakini shahidi mwenye matusi huiharibu kesi yake mwenyewe.

Basi kila nyumba isome sura hizi nilizozitaja, wazazi pamoja na watoto. Mwislamu akiuliza, jibu unalolijua. Usilolijua, sema utakwenda kulisoma, kisha urudi kweli. Akitukana, usirudishe tusi.

Bwana atupe akili ya kuyaelewa Maandiko, na upendo wa kuyasema. Amina.