Je, Yafaa Kutafuta Elimu kwa Saa ya Mwenzio?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Siku moja, baada ya darsa ya Magharibi, alitujia kijana mmoja akatuambia: “Sheikh wangu, mimi ni karani katika duka la vyuma hapa mjini. Nyumbani usiku hapana utulivu, twalala watu wengi chumba kimoja. Basi mchana, wateja wanapopungua, huweka simu chini ya meza nikajifunza kutengeneza programu za kompyuta. Tajiri wangu hana habari. Je, nina makosa, hali natafuta elimu, na elimu ni faradhi?”

Twaliandika jibu hapa kwa sababu swali hili si la mtu mmoja.

Kwanza tumpe haki yake. Haja ya kazi mpya ipo. Reli mpya ilipoanza kupeleka makontena Nairobi mwaka 2018, wengi waliokuwa wakila kwa malori na maghala ya Mombasa walipungukiwa. Na mlango nao umefunguliwa. Mwaka 2009 waya wa chini ya bahari utokao Fujairah, katika nchi za Ghuba, ulifika Mombasa, katika bahari ile ile waliyoivuka babu zetu kwa majahazi. Na tangu mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, hutoa bure katika intaneti somo lake la kwanza la kompyuta. Karani wa Mombasa hasafiri tena kwenda kumtafuta mwalimu.

Wala si kweli wasemavyo baadhi ya wazee wetu, kwamba elimu hizi ni za watu wengine. Baada ya vita vya Badri, mwaka 624, yapokewa kwamba mateka wa Makka waliojua kuandika, na wasio na mali ya kujikombolea, fidia yao ilikuwa kuwafundisha watoto wa Madina kuandika. Na Al-Khwarizmi wa Baghdad, katika karne ya 9, ndiye ambaye jina lake limekuwa neno algoridhimu, yaani mpango wa hatua kwa hatua ambao kila programu huufuata. Basi elimu hii haina lawama. Linaloulizwa ni ile saa.

Wanazuoni wa fikihi wamewagawa wenye kuajiriwa mafungu mawili. Yuko aliyeajiriwa kwa kazi, mfano wa fundi cherehani: wampa kitambaa, naye akupa kanzu siku ya ahadi, na saa zake ni zake. Na yuko aliyeajiriwa kwa muda, mfano wa karani wetu. Huyu ameuza saa zake tangu saa 2 ya asubuhi hata saa 11 ya jioni, isipokuwa saa ya kula na wakati wa Sala. Wateja wasipokuwapo, mauzo hayo hayavunjiki. Kuna misumari ya kuhesabiwa, vumbi la kupanguswa, na jicho la kumwangalia mwizi.

Na asidhani ni jambo dogo. Akichukua saa moja kila siku, kwa siku 26 za kazi, ni saa 26 kwa mwezi. Kwa kazi ya saa 8, hiyo ni mishahara ya siku tatu na zaidi aliyoipokea bila ya kuifanyia kazi. Lau angalichukua fedha hizo katika sanduku la duka, yeye mwenyewe angalijiita mwizi.

Atasema: “Lakini nia yangu ni njema.” Twajibu kwa mfano aliousoma chuoni utotoni. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mwenye kutawadha kwa maji ya kupora, udhu wake wasihi, lakini dhambi ya kupora haimwondoki. Kadhalika elimu hii: ataijua, na pengine itampa riziki, lakini haki ya mwenyewe imebaki shingoni mwake.

Tena kuna jambo zito kuliko hilo. Kazi anayoitafuta ni kazi ya amana tupu. Mtengenezaji wa programu huweza kufunguliwa madaftari ya wagonjwa na hesabu za benki. Huenda tajiri wake akawa Nairobi au Dubai, hamwoni, na saa za kazi akaziandika mwenyewe. Serikali yetu imetunga Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, lakini sheria haikai naye chumbani usiku. Sasa aliyejizoeza kuficha simu chini ya meza, amejizoeza nini? Na mwenzake anayemlipa mtu amfanyie mtihani, cheti chake chamshuhudia nini?

Basi tulimwambia: “Mwanangu, nenda kwa tajiri wako, umwambie yaliyopita umtake radhi, na umwombe ruhusa kwa yajayo. Akikuruhusu, saa ile imekuwa halali yako. Akikataa, iache.”

Nao matajiri tuna neno nao. Msiseme, “Akijua ataniacha.” Riziki yenu haiko katika ujinga wa karani. Na anayemweka mtu wake mpaka Isha bila ya kumlipa, au akamnyima ile siku moja ya mapumziko katika kila siku saba aliyopewa na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, naye ameiba saa. Lakini dhuluma ya tajiri haihalalishi wizi wa karani. Haki hudaiwa kwa uwazi.

Na sisi wenye misikiti na madrasa hatukusalimika. Kijana huyu alijificha dukani kwa kukosa pahali pa kukaa. Madrasa zetu zina meza na taa, nasi huzifunga baada ya Isha. Yatupasa tuzifungue.

Kijana alikwenda. Tajiri wake alimsamehe yaliyopita, lakini ruhusa hakumpa. Hivi sasa husoma msikitini saa moja baada ya Alfajiri, wakati ambao Mtume, rehema na amani zimshukie, aliuombea umma wake baraka. Kwa siku sita za juma ni saa 312 kwa mwaka. Alitulalamikia kwamba wenziwe wamemtangulia. Ni kweli wamemtangulia, wala hatukumficha. Lakini siku atakapokabidhiwa siri za watu, hatakuwa na simu ya kuficha chini ya meza.

Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, na njia safi ya kuifikia. Amin.