Urafiki wa Kutafuta

Mwezi wangu wa nne Bukoba niliugua malaria. Siku tatu nililala chumbani kwangu Kashai, na hakuna aliyegonga mlango. Simlaumu mtu. Majirani tulijuana kwa salamu tu. Kazini nilituma ujumbe, nikajibiwa "pole sana", yakaisha.

Nilipopona niliomba kuunganishwa kwenye kundi la WhatsApp la vijana wanaopanda vilima kila Jumamosi. Sikumwambia hata dada yangu. Niliona aibu. Kutafuta kazi si aibu, kutafuta mchumba si aibu, lakini mtu mzima kutafuta marafiki? Tumezoea kwamba marafiki hupatikana tu: darasani, JKT, mtaani ulikokulia. Anayewatafuta anaonekana ana kasoro.

Ndani ya aibu ile kulikuwa na swali. Ukimwendea mtu kwa sababu una upweke, unamtaka yeye, au unataka tu pengo lako lizibwe? Aristotle aligawa urafiki mafungu matatu: wa manufaa, wa raha, na ule wa watu wanaotakiana mema kwa ajili ya wao wenyewe. Nilijiweka fungu la kwanza bila kubisha.

Jumamosi ya kwanza tulipanda gari hadi Muhutwe, wilayani Muleba, tukaanza kupanda kwa miguu kuelekea Kamachumu. Tulikuwa 17. Tulipita katikati ya vibanja, migomba na mibuni imesongamana, kisha tukatokea kwenye rweya, nyasi tupu na upepo, ziwa limebaki chini nyuma yetu. Bibi mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani alisimama kutupisha.

"Wajukuu, nani amefariki?"

Tukacheka. Tukamwambia hakuna msiba, tunatembea tu. Alitutazama kwa muda, akatutakia safari njema. Watu wengi hivyo, kwa miguu, bila mzigo: kwake ilikuwa na maana moja tu.

Mimi nilitembea mbele. Huko ndiko kulikokuwa na vicheko, na wale walioonekana wanamjua kila mtu mjini. Nyuma kabisa alikuwa kaka mmoja mkimya, soli ya kiatu chake imeachia. Nilimwona akiinama kuifunga kwa kamba. Nikageuka, nikaendelea na hadithi yangu. Juu tulipiga picha, tukala, tukashuka kwa njia nyingine.

Jioni niliifungua ile picha na kuhesabu vichwa. Tulikuwa 16. Hakuna aliyekuwa ameuliza. Kaka yule alirudi peke yake hadi barabarani, akatafuta usafiri. Nilikaa na simu mkononi, nikikumbuka siku zangu tatu za malaria. Zile niliwahi kusema simlaumu mtu. Sasa nilijua yule asiyelaumiwa anafananaje.

Wahaya wa zamani walikuwa na omukago, undugu wa kuchanjiana. Tunda la kahawa lina buni mbili ndani ya ganda moja. Kila mmoja alijichanja karibu na kitovu, akaipaka buni damu yake, mwenzake akaila. Kuanzia hapo walikuwa ndugu. Mmoja akifika usiku anafunguliwa, akiwa na shida anasaidiwa, na aliyevunja agano aliogopa balaa. Hakuna aliyejidai kwamba jambo hilo limetokea lenyewe. Walitafutana kwa makusudi, mchana kweupe, na manufaa yake waliyajua.

Kwa hiyo sidhani tena kwamba aibu yangu ilikuwa mahali pake. Kutafuta hakuchafui urafiki, na kuhitaji mtu si kumtumia. Kosa langu lilianza pale njiani, nilipochagua nani anastahili kutafutwa. Nilitaka watu ambao wangegonga mlango wangu nikiugua, huku mimi nikimpita mtu aliyeinama kufunga kiatu. Omukago haukuuliza mlikutanaje. Uliuliza mwenzako anaweza kukudai nini. Mimi siku ile sikuwa nimekubali kudaiwa chochote, hata dakika kumi za kusubiri.

Nilimpigia simu kesho yake, nikamwomba radhi. Alinyamaza, kisha akasema, "Kwani na wewe ulikuwepo?"

Niliwaomba wenzangu tuwe tunahesabiana, chini na juu, na mtu mmoja awe anatembea wa mwisho. Walikubali, wakanipa kazi hiyo mimi. Nyuma vicheko havifiki vizuri. Unasikia pumzi za watu, na unajua nani goti linamsumbua.

Kaka yule alirudi wiki ya tatu, na viatu vingine. Siwezi kusema tumekuwa marafiki. Tunazungumza kidogo, kuhusu kahawa ya kwao na bei yake. Lakini Jumamosi iliyopita hakuonekana kituoni. Gari lilikuwa linaunguruma, dereva anatuharakisha. Nilishuka, nikampigia.

"Naumwa kidogo," akasema.

Nikamuuliza anakaa wapi.