Tunahifadhi Nini Tunapohifadhi Gemu?

Hadi mwaka jana, kabatini kwangu kulikuwa na mashine ya gemu ya zamani na kaseti tatu za njano. Niliinunua kwa mzee mmoja wa Mbinga ambaye kibanda chake kilimeza utoto wetu. Ni kopi ya Famicom, mashine ambayo Nintendo waliitoa Japani mwaka 1983, kisha viwanda vya Asia vikaiiga bila ruhusa na kuisambaza hadi kwetu. Lebo ya kaseti inaahidi maelfu ya magemu. Ukiwasha unakuta ni yale yale machache, yanajirudia kwa majina tofauti.

Rafiki yangu mmoja anayekusanya mashine hizi aliicheka. Kwake, cha kuhifadhi ni orijino. Feki ni takataka. Nilibishana naye sana. Jumba la makumbusho likiweka orijino peke yake litasimulia utoto wa Tokyo, siyo wa Mbinga. Sisi Mario na Contra tulivijua kwa kopi, kwenye runinga ndogo iliyoendeshwa na jenereta. Kopi ilikuwa wizi, sikatai. Basi iandikwe hivyo kwenye kibao, na mashine ibaki.

Nikajiona nimeshinda. Halafu nikajiuliza: mbona wizi wa wengine nauandikia kibao, wa kwangu nauficha?

Maana zile shilingi hamsini hamsini za kuchezea hazikutoka hewani. Msimu wa kahawa mama alikuwa anaweka hela kwenye kopo, nami nikawa nachomoa. Siku alipohesabu akakuta pungufu, alichapwa kaka yangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyejulikana kwa utundu. Nilikaa kimya. Kesho yake nilikuwa kibandani tena, natazama wenzangu wakicheza.

Kumbe hata ule mtindo wetu wa kupuliza kaseti haukuwa na msaada. Gemu iliwaka kwa sababu tuliichomoa na kuirudisha. Unyevu wa pumzi ulikuwa unaharibu vyuma tu. Dawa ni spiriti na pamba, unasugua taratibu. Niliwahi kutumia Jumamosi nzima kusafisha kaseti zangu tatu, na saa zote hizo sikumpigia kaka simu.

Desemba nikaibeba mashine hadi Mbamba Bay, kaka anakofanya biashara ya dagaa. Tulicheza Contra, wawili, kama zamani. Katikati ya gemu nikamwambia. Akasimamisha, akaweka pedi chini.

"Nilijua, mdogo wangu. Nilikuona kibandani."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ungechapwa wewe."

Mama alishafariki, kwa hiyo kwake sina tena pa kurekebisha. Lakini kaka alilihifadhi jambo hili zaidi ya miaka ishirini, bila kabati wala spiriti, wala kunidai chochote. Mimi niliyejiita mhifadhi nilikuwa nimechagua vya kukumbuka.

Mashine niliiacha kwake. Wanawe wanaicheza kila siku, kwenye unyevu wa ziwa, na wanapuliza kaseti licha ya kukatazwa. Rafiki yangu anasema haitamaliza miaka miwili. Huenda ni kweli. Mzee wa kibanda naye nitamtafuta, maana sehemu ya hela niliyomlipa utotoni ilikuwa jasho la mama, na hajui.