Udongo Haujakauka

Lango la mpira wa miguu lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Vipimo hivyo vilikadiriwa kwa mtu mzima. Siku moja nilimwona mtoto wa miaka tisa akilinda lango la namna hiyo. Mpira ulipigwa juu ya kichwa chake. Akaruka kwa nguvu zote alizojaliwa, nao ukapita kati ya ncha za vidole vyake na mwamba wa lango, mahali ambapo hata hodari wa rika lake asingalifika. Wazazi wa upande mmoja walishangilia. Mwalimu wake alimkaripia mbele ya watu, na mtoto akalia. Nilijiuliza: ameshindwa na nani? Hakushindwa na wenzake, wala na uvivu wake. Alishindwa na kimo ambacho maumbile hayajampa bado. Alikaripiwa kwa kosa la kuwa mtoto.

Je, ni haki kumdai mtoto ushindi kabla ya kumpa mchezo uliolingana na umri wake?

Wapo wasemao kuwa ni haki, na hoja yao si ya kudharauliwa. Husema kwamba dunia ni mashindano, na asiyezoea kushindana utotoni atashindwa ukubwani. Hutukumbusha kuwa udongo uwahi ungali maji. Methali hiyo ni kweli, lakini wameisoma nusu. Mfinyanzi huufinyanga udongo ungali maji, ila hauchomi ungali maji. Chungu kibichi kikitiwa motoni hupasuka, na kupasuka kwake si kosa la udongo. Mafunzo ni kufinyanga. Mashindano ya watu wazima ni moto. Kila kimoja kina wakati wake, na mfinyanzi mwema hujulikana kwa subira yake baina ya nyakati hizo mbili.

Waingereza, walioandika kanuni za mchezo huu mwaka 1863, walilipa jambo hili uzito. Mwaka 2012 chama chao cha mpira kilikubali kwamba watoto wa chini ya miaka 7 na 8 wacheze watano kwa watano. Wa chini ya 9 na 10, saba kwa saba. Wa chini ya 11 na 12, tisa kwa tisa. Ndipo kumi na mmoja wafuate. Uwanja na lango navyo hupunguzwa kwa kadiri ya umri. Maana yake ni nyepesi. Katika uwanja mkubwa mtoto mdogo hukimbia sana na kugusa mpira mara chache. Mwenye mbio na kifua humaliza kazi peke yake. Katika uwanja mdogo kila mmoja hupata mpira, hukosea, hufikiri, hujaribu tena. Huko ndiko kujifunza.

Kuna dhuluma nyingine, nayo imejificha zaidi. Aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba ya mwaka ule ule huitwa rika moja, lakini baina yao ipo karibu miezi 12. Kwa mtoto wa miaka minane, hiyo yakaribia sehemu moja ya nane ya maisha yake. Wachunguzi wa nchi nyingi wameona kuwa wateule wa timu za watoto huwa wengi zaidi katika waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka. Hapana mwezi uzaao vipaji. Mteuzi ameona kimo akadhani kipaji, na mdogo wa Desemba amerudishwa nyumbani akiamini kwamba hana kitu.

Tena waongo wenyewe wametutolea ushahidi. Mwaka 2009, katika Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17 nchini Nijeria, FIFA ilitumia mashine kupiga picha za mifupa ya kifundo cha mkono ili kuwatambua waliozidi umri. Hapana apunguzaye miaka ya mchezaji ila ajua kwamba miaka ni nguvu. Basi ajuaye hivyo atawezaje kumlaumu mdogo kwa upungufu wake?

Nitaambiwa kwamba watoto wenyewe hupenda kushinda. Naam, hupenda, na wasizuiwe. Lakini mtoto akishindwa asubuhi, jioni amesahau na anaomba mpira. Asiyesahau ni mkubwa, kwa kuwa ushindi ule alikuwa akiutafutia sifa yake.

Mtoto aliyepelekwa katika timu ni amana. Mzazi ameitoa, mwalimu ameipokea. Mwenye kuitumia amana kwa faida yake mwenyewe ameifanyia hiana, hata akirudi na kikombe cha fedha mkononi. Basi mwamba na ushushwe ufikie kimo cha yule mlinda lango wa miaka tisa. Mpira ukimpita hapo, tutajua ni jambo gani la kumfundisha kesho.