Mke Anayedhulumiwa na Haki Yake ya Kujiokoa

Bismillahi Rahmani Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeiharamisha dhulma. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na Aali zake na Sahaba zake. Ama baada:

Ndugu zetu katika Dini mlioko ugenini, yako maneno mawili yanayotumiwa pasipo mahali pake majumbani mwetu: subira na sitara. Mke hupigwa, hutishwa, hata hunyang'anywa paspoti yake, kisha huambiwa na wazee, "Subiri, binti yangu, usiitoe nje siri ya nyumba yako." Hakika subira ni ibada kubwa, lakini haikuwekwa iwe ngao ya dhalimu, wala sitara tuliyoamrishwa haimpi mtu ruhusa ya kuficha dhulma.

Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 231, amekataza mke kuzuiliwa kwa nia ya kudhuriwa. Na katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 19, amekataza mke kubanwa ili arudishe baadhi ya alichopewa. Basi amtesaye mkewe ili auze talaka, anakula haramu.

Ama katika Sunna, Abu Daud amepokea kwamba Habiba binti Sahl alipigwa na mumewe hata akavunjwa, akamwendea Mtume (S.A.W.) baada ya Alfajiri kushitaki. Hakuambiwa arudi akavumilie. Aliitwa mume, na wakatenganishwa. Na Muslim amepokea kwamba Fatma binti Qays, akiwa katika eda, alichelea kuvamiwa nyumbani, na Mtume akamwamrisha ahame. Ikiwa mwenye eda, ambaye asli yake ni kutotoka, amehamishwa kwa hofu, itakuwaje kwa mke ambaye hofu yake imo ndani ya nyumba?

Ewe binti yetu, ukikusudia kutoka, usimtangazie mume, kwani saa ya kuondoka ndiyo yenye hatari zaidi. Mwambie mtu mmoja mwaminifu. Weka kwake nakala za paspoti, cheti cha ndoa na vyeti vya watoto. Ukijeruhiwa, nenda kwa daktari, iandikwe. Kwani kadhi huhukumu kwa ushahidi.

Kisha shika mlango wa sheria. Oman, Sheria ya Hali za Kibinafsi, iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme namba 32 ya mwaka 1997, inamruhusu mke kuomba mahakama imtenganishe na mumewe kwa sababu ya madhara. Uingereza, sheria ya familia ya mwaka 1996 inaipa mahakama uwezo wa kumkataza mume asimdhuru wala kumsumbua mkewe, na hata kumtoa nyumbani. Na tangu mwaka 2007, kuvunja katazo la kumsumbua ni kosa la jinai. Hifadhi hiyo huombwa hata na aliyefunga nikaha tu bila ya kuisajili serikalini. Na kwenye hatari ya papo hapo, piga simu 999.

Nanyi wazee, wasuluhishi wawili waliotajwa katika An-Nisaa, aya ya 35, ni watu wa uadilifu. Msimrudishe binti kwenye fimbo mkaita hayo suluhu, kwani mtaulizwa juu yake Siku ya Kiyama.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wanaodhulumiwa, na awaongoe wanaodhulumu. Amin.